Antibayotiki wakati wa mlipuko: mwongozo kwa watoa dawa na wahudumu wa wodini Dodoma

Ugonjwa wa njia ya hewa ukiingia mjini, watu hukimbilia duka la dawa kabla hawajafikiria zahanati. Baada ya Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alipothibitishwa nchini, hapa Dodoma mambo yalikwenda hivyo hivyo. Kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, mtu aliingia dukani na jina la dawa mdomoni. Nipe azithro. Nipe rangi mbili, zile kapsuli. Nipe sipro, jirani yangu imemsaidia.

Jirani alipona kwa sababu wengi waliougua UVIKO-19 walipona, waliomeza antibayotiki na wasiomeza. Dawa hizi hupambana na bakteria, virusi haviguswi. Azithromaisini ilijaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa waliolazwa huko Uingereza, katika utafiti ulioitwa RECOVERY, na haikupunguza vifo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu inayouma: kati ya waliolazwa kwa UVIKO-19, takriban 8 tu katika kila 100 walikuwa na maambukizi ya bakteria yanayohitaji antibayotiki, lakini karibu 75 katika kila 100 walipewa. Wengi wao walipewa "kwa tahadhari" tu.

Tahadhari hiyo ina gharama. Mwaka 2019, kabla hata ya UVIKO-19 kuenea, watu takriban milioni 1.27 duniani walikufa kwa maambukizi ya bakteria sugu, yaani wasiosikia tena dawa, na Afrika kusini mwa Sahara iliumia kuliko kwingine. Mlipuko mwingine utakuja. Utakapokuja, makosa ya dawa yatafanyika kwa hofu na haraka. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinalenga kumpunguzia mtoa dawa ile haraka, na kumtaka anayeandika dawa aandike pia sababu yake.

Hatua ya 1: Panga rafu kabla foleni haijawa ndefu

Toa antibayotiki zote ulizonazo, uzitenge mafungu matatu kama Shirika la Afya Duniani linavyozigawa. Fungu la matumizi ya kawaida lina amoksilini, doksisaiklini, metronidazo, ko-trimoksazoli na wenzake. Hizi ndizo za kuanzia pale antibayotiki inapohitajika kweli. Fungu la tahadhari lina azithromaisini, siprofloksasini, levofloksasini, sefiksimu na seftriaksoni; bakteria huzizoea upesi zikitumika ovyo. Fungu la akiba lina dawa kama kolistini na linezolidi. Hizo ni za hospitali tu, kwa mgonjwa ambaye nyingine zote zimeshindwa.

Fungu la tahadhari lihamishie nyuma, mahali ambapo mteja haoni na wewe unalazimika kunyanyuka ili ulifikie. Kule kunyanyuka kunatosha kukukumbusha kuuliza cheti cha daktari.

Kama duka lako ni DLDM (Duka la Dawa Muhimu), umeruhusiwa antibayotiki chache tu zilizo kwenye orodha yako, na orodha hiyo haipanuki kwa sababu kuna mlipuko. Seftriaksoni haina nafasi kwenye rafu yako, hata mgonjwa akija na kichupa chake mkononi akikuomba umchome.

Tenga pia akiba ya amoksilini ya watoto. Watu wazima wakianza kuinunua kutibu mafua, mtoto mwenye nimonia ya kweli kutoka Bahi au Chamwino atafika dukani kwako akute rafu tupu. Kwangu mimi hilo ndilo dhara la kwanza la kuuza ovyo, na linatokea wiki ile ile, kabla hata usugu haujazungumzwa.

Halafu joto. Oktoba na Novemba duka lililoezekwa bati bila dari huwaka. Dawa nyingi zinatakiwa kukaa chini ya nyuzi 30. Tundika kipimajoto ukutani, usome asubuhi na saa nane mchana, na maboksi yasigusane na ukuta unaopigwa na jua.

Hatua ya 2: Uliza kabla ya kutaja bei

Bei ikishatajwa, mazungumzo yamekuwa ya biashara na kurudi nyuma ni kazi. Kwa hiyo anza na salamu, kisha maswali. Mfano wa mazungumzo ya kawaida kabisa:

— Shikamoo mama.
— Marahaba mwanangu. Nipe rangi mbili za elfu moja.
— Pole mama. Ni zako au umeagizwa?
— Za kijana wangu, wa bodaboda. Kifua kinambana.
— Tangu lini?
— Leo siku ya tatu.
— Akitoka chumbani kwenda chooni anahema?
— Hapana, anakohoa tu na kichwa kinamgonga. Jana kaenda kazini.
— Kuna dawa ameshameza?
— Jirani alimpa zilizobaki kwake, kameza mbili jana.

Katika maneno hayo machache umepata karibu kila unachohitaji. Siku ya tatu, anatembea, anafanya kazi, hahemi: hii ni picha ya virusi kwa kiasi kikubwa, na antibayotiki haitamsaidia. Umejua pia kwamba nyumba ya jirani kuna mabaki ya dozi ya mtu mwingine. Utamwambia mama kwa upole kwamba kapsuli mbili za kuazima hazitibu kitu, na kwamba zilizobaki zisiendelee kuzunguka mtaani.

Ongeza maswali ambayo mazungumzo hayo hayakufika. Ana kisukari, presha, pumu, anaishi na VVU? Ni mjamzito au ananyonyesha? Amewahi kuvimba au kuwashwa mwili mzima baada ya penisilini? Kama ana homa, amepima malaria? Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, lakini watu wanasafiri, na kipimo cha haraka hakichukui muda.

Swali moja naomba lisirukwe kamwe: amekohoa kwa muda gani? Ikifika wiki mbili au zaidi, au kuna kukohoa damu, kutoka jasho usiku na kupungua uzito, mtu huyo anahitaji kupima kifua kikuu, na huduma hiyo ni bure katika vituo vya serikali. Ukimuuzia sipro au levofloksasini, utakuwa umemdhuru kwa njia isiyoonekana. Dawa za jamii hiyo humpa nafuu kidogo mwenye kifua kikuu, kipimo kinaweza kushindwa kuonyesha ugonjwa, tiba inachelewa, na huko nyumbani anaendelea kuwaambukiza watoto. Wakati wa UVIKO-19 kila kikohozi kilihesabiwa kuwa kile kile kimoja. Ni rahisi sana kurudia hapo.

Hatua ya 3: Tambua wa kumkimbiza hospitali

Mtu mzima anayehema akiwa amekaa, anayeshindwa kumaliza sentensi, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, mwenye midomo ya bluu, aliyechanganyikiwa au mwenye maumivu makali ya kifua hana la kusubiri dukani. Kama una kile kifaa cha kidoleni kinachosoma oksijeni, kitumie: chini ya 94 aende hospitali, chini ya 90 ni dharura. Mfute rangi ya kucha kwanza na upashe kidole moto kama ni baridi. Asubuhi za Julai na upepo wa hapa kwetu, kidole kilichopoa husoma namba ya uongo.

Kwa mtoto, hesabu pumzi. Mama ampakate, afunue kifua, mtoto awe ametulia bila kulia wala kunyonya. Tazama tumbo na kifua vikipanda, hesabu dakika nzima kwa saa. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana mtoto hapumui kwa mpangilio ulio sawa. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka; miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi; mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Angalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta hewa. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea haamki vizuri, apelekwe mara moja. Mwandikie mama karatasi yenye ulichokiona na saa uliyokiona, ili akifika mapokezi asianze upya kujieleza.

Mtoto wa miezi 2 au zaidi mwenye kikohozi na pumzi za haraka bila dalili hizo za hatari ni mmoja wa wale wanaohitaji amoksilini kweli. Huyu asinyimwe kwa sababu tunaogopa usugu. Amoksilini ya kuyeyusha ya miligramu 250 hutolewa kwa uzito: mwenye kilo 10 hadi chini ya 14, kwa mfano, hupewa vidonge 2 asubuhi na 2 jioni kwa siku 5. Aonwe na mhudumu wa afya, na arudi kuangaliwa siku ya tatu hata kama anacheza.

Hatua ya 4: Kataa ukimpa kitu mkononi

"Hapana" tupu humpeleka mteja duka la pili. Mtu amelipa nauli, ana hofu, nyumbani wanamsubiri. Mpe mpango: parasetamoli kwa homa na maumivu, maji na uji kwa wingi, asali kijiko kimoja kwa kikohozi (kwa aliyezidi mwaka mmoja tu), mahali pa kupimia ugonjwa uliozuka, barakoa kama anaishi na bibi au babu. Kisha umpe siku. Mwambie: "Mama, kesho kutwa nipigie au mtume mtu. Akianza kuhema, au homa ikiondoka halafu ikarudi kwa nguvu, msisubiri hata hiyo kesho kutwa, mpelekeni hospitali." Homa inayorudi baada ya nafuu huweza kuwa bakteria walioingia nyuma ya virusi, na hapo antibayotiki ina kazi.

Deksamethasoni nayo iliuzwa sana pamoja na antibayotiki kwa watu walio nyumbani. Utafiti ule ule wa RECOVERY ulionyesha inaokoa maisha ya wanaohitaji oksijeni. Kwa wasioihitaji haikuwa na faida. Isiuzwe kaunta.

Hapa niseme wazi kwamba mtoa dawa mmoja akikataa peke yake, mteja anavuka barabara. Maduka yaliyopangana mtaa mmoja yakae yakubaliane mapema: azithro na sipro bila cheti hazitoki. Kikundi cha WhatsApp kinatosha. Mmiliki wa duka awepo kwenye makubaliano hayo, maana mhudumu anayedaiwa mauzo ya siku hawezi kushika msimamo ambao bosi wake hajaubariki.

Hatua ya 5: Cheti kikija, kisome chote

Angalia jina, umri, uzito kwa mtoto, dawa, kiasi, mara ngapi, siku ngapi. Kama siku hazikuandikwa, piga simu kwa aliyeandika. Kama cheti kina antibayotiki mbili au tatu kwa mafua, piga simu pia, kwa adabu, ukiwa pembeni na mgonjwa asisikie: "Daktari, samahani, nina cheti cha mgonjwa wako, nilitaka kuhakikisha sababu ya hii ya pili." Wengi hushukuru. Asiyeshukuru, umefanya wajibu wako.

Hesabu kapsuli mbele ya mgonjwa. Amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku 5 ni kapsuli 15 za 500, au 30 za 250. Andika kwenye bahasha kwa saa anazozijua yeye: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Vistari na alama za kuzidisha usimwachie bibi kutoka Chemba.

Fedha ikipungua, usikate dozi ulingane na noti aliyoshika. Piga simu kwa aliyeandika, uliza kama kuna dawa ya fungu la kawaida itakayofanya kazi ile ile kwa bei ndogo. Mara nyingi ipo. Ikishindikana, mpe ya siku anazoweza kulipa kwa makubaliano ya jina, namba ya simu na siku ya kuja kumalizia, kisha mkumbushe wewe. Ni usumbufu, najua. Bado ni bora kuliko kumuuzia kapsuli nne ukijua hatarudi.

Dawa ya maji ya watoto ichanganye mwenyewe, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama ya chupa, utikise, uongeze tena povu likitulia. Mwoneshe mama kipimo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Andika tarehe ya kumwaga kama kikaratasi cha mtengenezaji kinavyosema. Nyingi hazikai zaidi ya siku 7 bila friji.

Sipro na doksisaiklini zisinywewe pamoja na maziwa wala dawa za kiungulia. Doksisaiklini inywewe kwa maji mengi, na mtu asilale hapo hapo. Mjamzito asipewe.

Hatua ya 6: Wodini

Wodi ikijaa wagonjwa wanaohema, seftriaksoni hugeuka kuwa kama dripu, kila anayeingia anawekewa. Mhudumu anataka afanye kitu, na ndugu mlangoni wanataka waone kitu kinafanyika. Lakini kwa mgonjwa wa virusi anayepungukiwa hewa, kinachookoa ni oksijeni, kulazwa kifudifudi inapofaa, deksamethasoni kwa anayehitaji oksijeni, na muuguzi anayepita kusoma kipimo usiku.

Jiulize nini hasa kinakufanya ushuku bakteria. Makohozi ya usaha? Picha ya kifua yenye doa zito upande mmoja? Chembe nyeupe zilizopanda sana? Homa iliyorudi baada ya siku kadhaa za nafuu? Presha inayoporomoka? Kama lipo mojawapo, anza dawa bila kusita, na kwa mgonjwa aliye kwenye mshtuko sindano iingie ndani ya saa moja. Kama hakuna, na kipimo cha virusi kimesoma ndiyo, mapafu yote mawili yenye ukungu hayatoshi kuwa sababu.

Kabla ya sindano ya kwanza, chukua damu ya kuotesha vimelea kama maabara yako inafanya. Ukishampa dawa kwanza, vimelea vinaweza visiote, na utabaki kubahatisha mpaka mwisho. Kituo kisicho na huduma hiyo kitumie kilichopo: rangi ya Gramu (kupaka sampuli rangi ili kuona bakteria kwa hadubini), hesabu ya damu, picha, na macho ya mganga kila asubuhi.

Andika kwenye faili hivi, herufi zisomeke:

"Seftriaksoni gramu 1 kwenye mshipa, mara moja kwa siku. Sababu: nimonia ya bakteria inashukiwa, makohozi ya usaha, doa kulia chini. Imeanza 12/7. Ipitiwe 14/7 asubuhi."

Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Daktari wa usiku alianza, wa mchana anaogopa kusimamisha, siku ya saba inafika na hakuna anayekumbuka kwa nini. Ndani ya saa 48 hadi 72 lazima mtu mmoja mwenye jina aamue: tunasimamisha, tunapunguza kwenda dawa nyembamba zaidi, inayolenga bakteria wachache, kulingana na majibu ya maabara, tunahamisha kwenda vidonge, au tunaendelea mpaka tarehe fulani. Anayekula, asiyetapika na ambaye homa imeshuka anaweza kumeza vidonge. Kanula, ule mrija wa mshipani, ikitoka mapema, mlango mmoja wa maambukizi umefungwa na kitanda kinakaribia kupata mgonjwa mwingine.

Mfamasia awepo kwenye raundi, hata mara mbili kwa wiki. Muuguzi apewe ruhusa ya kuuliza kwa sauti, "Daktari, hii leo ni siku ya tatu, tunaendelea?" Na seftriaksoni isichanganywe na dripu ya Ringer.

Meropenemu, antibayotiki nzito ya hospitali, isitoke stoo bila saini ya daktari bingwa au Kamati ya Dawa na Tiba. Usiku wa dharura itoke dozi ya saa 24, saini ifuate asubuhi.

Hatua ya 7: Mikono na maji

Bakteria sugu huhama kitanda kwa kitanda kupitia mikono. Katika mlipuko wahudumu huvaa glovu zile zile kwa wagonjwa watano wakidhani wanakinga, kumbe wamejikinga wao tu. Badilisha, nawa, endelea. Siku za mgao wa maji, jaza ndoo zenye koki usiku, na kitakasa mikono kiwe kwenye kila kitanda badala ya kimoja mlangoni.

Hatua ya 8: Daftari na mabaki

Chora daftari lenye safu tano: tarehe, dawa, kiasi, cheti kipo au hakipo, sababu. Majina ya wagonjwa hayahitajiki hapo. Kila Jumamosi jumlisha fungu la kawaida na fungu la tahadhari. Lengo ambalo nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana mwaka 2024 ni angalau asilimia 70 ya antibayotiki zitumikazo kwa binadamu zitoke fungu la kawaida ifikapo 2030. Duka lako linaweza kujipima leo.

Mtu akipata vipele, kuvimba uso au mapigo ya moyo yasiyoeleweka baada ya dawa, jaza fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Azithromaisini inaweza kuvuruga mapigo, hasa ikichanganywa na dawa nyingine zinazovuruga mapigo, kama ilivyofanyika mwaka 2020. Weka sanduku lililofungwa la mabaki na dawa zilizokwisha muda, waambie wateja walete walizonazo nyumbani, na ziteketezwe kwa utaratibu wa mamlaka. Zisitupwe chooni wala jalalani wanakochakura kuku na mbuzi.

Ikitokea wiki azithro imepanda ghafla kwenye daftari, Jumatatu asubuhi kabla hamjafungua, kaeni wote mpitie karatasi moja moja: nani alitoa, kwa cheti cha nani, kwa sababu gani.